Maganda Matatu Dirishani

Umepanda ngazi ya bonde hadi Kilimatinde
kwa pikipiki ya kukodi, Chidawali, vumbi mpaka kwenye kope.
Hata "mbukwa" hujaitikia ikaisha, unaniuliza:
Shangazi, risasi ipi inafika mbali?

Kaa kwanza. Kunywa maji.
Watu hununua bunduki, kisha ndipo waitafutie risasi,
kama anayeoa halafu akauliza jina.
Wewe walau umekuja na kibali na mikono mitupu.
Hapo umenifurahisha.

Miaka ishirini na sita nilishika funguo za ghala la silaha, Manyoni.
Siku ya kustaafu walinipa saa ya ukutani; ilikufa mapema.
Haya maganda niliyaokota mwenyewe, matupu.
Hili nene natunzia sindano.
La kati, mbegu za mlenda.
Jembamba halina kazi. Nalipenda tu.

Shika nene. Tatu sabini na tano.
Hilo ni la nyati, la mnyama anayekuja kwako na hasira zake.
Bega litasinyaa kabla kidole hakijavuta,
na mwili ukishalijua teke, hulidanganya jicho.
Tandala si ukuta wa kubomoa.
Tena kwa mbali huchoka,
huporomoka kama gunia la karanga kutoka kwenye lori.

Najua, wenzako wa Majengo wamekusifia ile ndogo ya mbio.
Mbio inazo. Hutoka kama kijana na mshahara wa kwanza.
Lakini njoo hapa ukingoni.
Unaiona Bahi yote, majaruba, reli, vumbi la ng'ombe wa mtu?
Sasa tazama nyasi: hizi zinalala huku, zile kule,
na katikati hujui.
Risasi nyepesi katika upepo wa Agosti
ni neno la mlevi:
limetoka kwake, halijulikani litamfikia nani.

Mwaka fulani wa ukame mgeni alimpiga tandala kwa mita mia nne.
Siku mbili tulimfuata, vichaka vya Itigi,
huko mtu hutambaa kama nguchiro.
Mahinyila mbele, akisoma chini:
tone,
tone,
kisha nzi.
Tulimkuta amepiga magoti, kama anayetaka kunywa
mahali pasipo maji.
Mgeni akasema, risasi ilikuwa nzuri, sielewi.
Mahinyila ndiye aliyemalizia.
Hakutia neno mpaka Manyoni,
na ugali wa uwele niliompakulia
aliuacha ukapoa.

Basi, hili jembamba. Saba milimita, la tangu enzi za babu zenu.
Halina majigambo. Kichwa chake kirefu
hupita upepo kama mjumbe aliyekatazwa kusalimia watu njiani.
Teke lake ni la mtoto usingizini;
utapiga mara hamsini, na kesho bega halitakununia.

Ila swali hukuliuliza vizuri.
Zote zinafika mbali. Zinafika hata usikozituma,
shambani kwa mtu, kwenye kengele ya mbuzi.
Uliza: mimi ninafika wapi?
Tundika sahani ya bati, rudi nyuma hatua hamsini, piga.
Rudi tena. Lala chini, simama, piga ukiwa umechoka,
piga ukiwa na deni.
Pale sahani inapoanza kukukosa
ndipo ilipoishia risasi yako,
hata kiwandani waandike nini.

Mimi niliishia hatua mia mbili na kumi,
siku isiyo na upepo.
Kwa macho ya leo, naishia mlangoni pale.

Haya, nirudishie. La kati usiliinamishe,
mbegu hizo zinangoja Desemba.
Jembamba nenda nalo. Litie mfukoni pamoja na funguo,
ligonge, ligonge,
mpaka ujue hatua zako.